Gemu Niliyotumwa Kuipima

Tulipogawana vitu vya marehemu Tata, kama tunavyomwita baba kwetu, kaka yangu Mogaka alipata koti na baiskeli, Mama akabaki na redio, na mimi nikapewa miwani. Ilikuwa ndani ya kibweta cheusi kilichofungwa kwa mpira. "Hii ni yako," Mama aliniambia. "Wewe ndiye uliyemtafutia." Akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda, maana mimi nikionyeshwa tabasamu lenye neno ndani yake silali mpaka niambiwe. Hakuniambia. Nikaitia miwani kwenye mkoba, nikarudi Kisii mjini kazini, nikaifungia kwenye droo. Sikuivaa. Miwani ya mtu mwingine hutia kizunguzungu.

Juzi nilikuwa natafuta risiti ya kodi ya nyumba nikakifungua kibweta kile kwa haraka zangu, na kikanuka rangi ya viatu. Rangi nyeusi, ile ya kopo. Nilikaa kitandani. Harufu hiyo kwangu ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni, kijijini kwetu karibu na Magwagwa, nami nina miaka tisa na nimepewa kazi ya watu wazima.

Sikuwa mtoto wa kutulia. Mama alisema nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali. Kanisani nilichezesha miguu mpaka benchi zima likatikisika, na nikitumwa chumvi nilirudi na chumvi na habari za nyumba tatu. Kwa hiyo Tata alipohitaji mtu wa kwenda na kurudi, hakutafuta mbali.

Lazima nieleze kwa nini yeye mwenyewe hakwenda kwa Mogaka, maana ilikuwa ni mwendo wa hatua thelathini tu. Kwetu kuna chinsoni, haya ya heshima kati ya wazazi na watoto waliokwisha kuvuka utoto. Mvulana akishatahiriwa halali tena nyumba ya mama yake. Hujengewa saiga, nyumba yake ndogo pale pale uani, na baba yake haingii humo. Hata nyumba iwe inaungua, baba atasimama mlangoni aite watu. Mama naye alikuwa akifika kizingitini, anaweka sahani ya ugali wa wimbi chini, anakohoa, anaondoka. Lakini mtoto mdogo hana chinsoni. Mtoto mdogo ni kama kuku, anaingia popote.

Mogaka alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama zikaja mbaya. Siku hiyo Tata hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu, "Basi," akachukua kikapu akaenda kuchuma majani chai. Neno lile moja lilimwingia Mogaka kuliko fimbo. Akajifungia saiga. Akaacha kuja kanisani, akaacha kuja mezani, na ikawa Tata akitoka kukamua ng'ombe, Mogaka anarudi ndani, na Mogaka akitoka kuoga, Tata anakumbuka kitu shambani. Miezi mitatu walipishana hivyo kwenye ua ambao ungeweza kuuvuka kwa pumzi moja.

Ndipo shangazi yetu anayeishi Amerika alipokuja likizo. Akamwona kijana amekonda, akamwonea huruma kwa namna ya watu wa Amerika. Alimwachia mashine ya gemu, mpya kabisa, iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka huko kwao, na runinga bapa aliyoinunua Kisii mjini, na gemu moja. Moja tu. Haikuwa ya mpira wa miguu, kama zile ambazo vijana wa sokoni walizilipia kwa dakika. Hii ilikuwa hadithi ndefu ya nchi isiyokuwepo, yenye milima, mazimwi na ndege wa mawe, na mtu mmoja wa kuipita yote peke yake.

Mashine haikumaliza wiki kabla ya Shemasi Ombui, jirani yetu mwenye mikaratusi, kumwambia Tata kwamba kwenye saiga ya mwanawe kunasikika sauti za pepo. Tata alikuwa mzee wa kanisa. Jumamosi jioni, baada ya kufunga Sabato kwa wimbo, alisema mbele yetu, akitazama taa: "Sabato ijayo isifike kabla sijajua kilichomo ndani ya nyumba hiyo. Kikiwa cha shetani, kitatoka."

Mimi, bila kutumwa na mtu, nikakimbia kumpelekea Mogaka habari hiyo. Alikuwa amelala chali. Hakugeuka.

"Mwambie ikitoka, na mimi natoka."

"Unaenda wapi?"

"Nyansiongo. Mashamba ya huko hayaulizi mtu alipata alama gani."

Nilisimama pale nikichezea komeo la mlango. Nyansiongo kwangu ilikuwa mwisho wa dunia, mahali ng'ombe walipotoka na watu walipopotelea. Sikumpelekea Tata maneno hayo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kubaki na habari tumboni, na iliniuma kama mtu aliyekula ndizi mbichi.

Jumapili Tata aliniita kwenye kituo cha kuuzia majani, tukiwa tumepanga foleni na vikapu. Mbele yetu karani alikuwa akikagua. "Angalia," Tata akasema. "Karani anafanyaje?"

"Anamwaga majani mezani."

"Halafu?"

"Anaingiza mkono chini."

"Kwa nini chini?"

Hilo alilijua kila mtoto wa kwetu. Watu huweka juu majani mawili na kichipukizi, mazuri, laini, kisha magumu wanayaficha chini. Karani mjinga hupima ya juu.

"Basi," Tata akasema, na safari hii neno hilo halikuwa na ukali. "Wewe ni karani wangu. Nenda kwa ndugu yako ukapime hiyo gemu. Nataka mambo matatu. Kuna uchawi? Kuna damu? Na mwisho wake ni nini. Usipime ya juu."

Hakuna mtu aliyewahi kupewa cheo akavimba kama nilivyovimba. Nilichukua daftari la hisabati, nikaligeuza nyuma mbele, nikaandika RIPOTI, nikaipigia mstari mara mbili kwa rula.

Mogaka alicheka aliponiona mlangoni na daftari. Kicheko cha kwanza katika miezi mitatu, nami nikakasirika, kwa sababu karani hachekwi. "Kaa hapo," akasema. "Usiguse pedi ya kuchezea. Wewe ni wa kuangalia tu."

Kwa hiyo niliangalia. Jumatatu mpaka Alhamisi, nikitoka shuleni nilitupa mfuko nikaingia saiga, nikakaa kwenye debe la mafuta lililogeuzwa, magoti yakiruka, na penseli mkononi.

Shujaa wa gemu alikuwa msichana. Hilo liliniyumbisha tangu mwanzo, maana sikutegemea. Moto wa kijiji chao ulikuwa umezimika, mafiga yote baridi, na yeye amebeba kaa moja la mwisho ndani ya chungu, analipeleka juu ya mlima mrefu ambako moto mkubwa unaweza kuwashwa tena. Ana upinde mgongoni. Upepo unataka kuzima kaa lake, mvua inataka kulizima, na mazimwi ya majivu yananusa joto lake kutoka mbali. Njiani kuna mawe matatu matatu yaliyopangwa kama jikoni kwa Mama. Akifika hapo anaweka chungu, anapuliza, anapumzika. Akifa kabla ya kufika, anaanza tena pale alipopumzika mara ya mwisho, na yote ya katikati yamepotea.

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa kali. Niliandika kwamba msichana huyu hajala siku nne za humo ndani ya gemu. Kwamba mvua inamnyeshea lakini gauni halishikani na mwili, kwa hiyo aliyetengeneza hajawahi kunyeshewa. Kwamba vijiji havina mbwa. Kwamba farasi anapanda mawe ambayo hata mbuzi wa kwetu angeyakataa. Lakini pia niliandika, kwa sababu karani wa kweli hadhulumu, kwamba nyasi zinainama anapopita na kusimama tena taratibu nyuma yake, sawasawa na nyasi za ng'ombe kule bondeni, na kwamba nilipoliona hilo nilisahau kuandika kwa muda mrefu. Damu: hakuna. Zimwi likipigwa mshale linakuwa majivu.

Tata alinisikiliza akiwa zizini, amempa ng'ombe kisogo. "Na yeye," akasema, "anakaa wapi akicheza?"

"Msichana?"

"Ndugu yako."

"Kitandani. Tata, kuna ndege wa mawe..."

"Dirisha hufungua?"

"Hapana. Ndege wa mawe anaangusha..."

"Sahani ya jana alimaliza?"

Nilikereka. Nimepima kitu kigumu namna hii, nimejaza kurasa mbili, na mtu mzima hawezi kushika mada. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Nilimweleza jinsi pedi inavyotetemeka mkononi zimwi likikaribia, maana Mogaka alinishikisha kidogo nami nikaitupa nikidhani iko hai, na Tata akauliza kama Mogaka bado anakohoa. Niliamini kabisa kwamba Tata hakuwa msikilizaji mzuri. Nilimhurumia.

Jumatano niliuona uchawi. Katikati ya kinamasi kulikuwa na kibanda, na ndani yake bibi kizee peke yake, chungu jikoni, hana shamba la ndizi, hana jirani. Kwetu huhitaji kuambiwa zaidi. Nikaandika MCHAWI kwa herufi kubwa.

"Si mchawi," Mogaka akasema. "Alipoteza mtoto wake kwenye mlima. Anaomba kuota moto wa kaa lako. Ukimkubalia, kaa linapungua, lakini anakuonyesha njia."

"Na ukimkataa?"

"Unaenda peke yako. Mimi nimemkataa mara sita. Nimeanguka mara sita."

"Si umkubalie?"

Akaendelea kubonyeza pedi. Nikakumbuka kazi yangu. Ya juu nilikuwa nimeyapima. Mkono wangu haujafika chini. Nikainama kuokota penseli na nikautia mkono chini ya kitanda chake, kwa kweli kwa ajili ya kutimiza wajibu tu, nao ukagusa kitambaa. Ulikuwa mfuko. Nikauvuta kabla hajanizuia. Ndani kulikuwa na mashati yake mawili mazuri yamekunjwa mraba, suruali, kitambulisho na karatasi yenye namba ya simu ya mtu wa Nyansiongo.

Mogaka aliinuka. Hakunipiga. Aliurudisha mfuko chini kwa mguu, polepole.

"Lini?" nikauliza.

"Sabato asubuhi, mkiwa kanisani. Gemu ikitoka au isitoke." Akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza wiki ile. "Moraa, wewe ulitumwa gemu. Hii si gemu. Ukisema, hutaniona tena hata Krismasi."

Sikulala vizuri. Nilijigeuza mpaka Mama akanitishia mkanda. Nikisema, namkosa Mogaka. Nisiposema, namkosa vile vile. Mtoto wa miaka tisa hana mtu wa kumuuliza jambo kama hilo, kwa sababu wote anaoweza kuwauliza wamo ndani yake.

Alhamisi nikamsomea Tata ripoti ya mwisho. Nilikuwa nimefuta MCHAWI kwa mate na kidole mpaka karatasi ikatoboka. Nilisoma haraka, bila kupumua: uchawi hakuna, damu hakuna, mwisho bado haujafikiwa lakini Mogaka anasema kesho.

"Na chini?" Tata akauliza.

"Chini ya nini?"

"Uliingiza mkono chini?"

"Niliingiza."

"Kuna nini?"

Nilitazama kwato za ng'ombe. "Hakuna kitu," nikasema, na sauti ikatoka ndogo kama ya mtu mwingine. Tata alinitazama kwa muda ambao ulinitosha kutubu dhambi zote ninazozijua. Kisha akaniambia niende nikalete maji.

Ijumaa kwetu ni maandalio. Chakula cha Sabato kinapikwa, nguo zinapigwa pasi, watu wanaoga, viatu vinang'arishwa, na yote yawe yamekwisha jua likigusa mikaratusi ya Shemasi Ombui. Jua likizama nyuma ya miti ile, Sabato imeingia. Tata hakuwahi kuchelewa. Nilimwona mara moja akiacha ndoo ya maziwa nusu, ng'ombe akamshangaa.

Jioni ile nilikuwa kwenye debe langu ndani ya saiga. Mogaka alikuwa anauendea mlima kwa mara ya saba. Alikuwa na haraka, anauma midomo, na mimi nilijua haraka ile ni ya nini. Ghafla nikasikia kitu kikiburutwa nje. Nikachungulia mlangoni. Tata alikuwa ameleta kigoda chake, akakiweka chini ya dirisha la saiga, mgongo ukutani, na mbele yake amepanga viatu vya nyumba nzima. Akafungua kopo la rangi, akaanza kupiga brashi.

Nikajua nimekamatwa. Karani wake amedanganya, na sasa bwana mwenyewe amekuja kukagua.

Kwenye runinga bibi kizee wa kinamasi alikuwa akilia, na Mogaka akapunguza sauti. Brashi ikasimama. Kisha Tata akasema, kama anayeongea na kiatu, "Huyo aliyekuwa analia ni nani?"

Mogaka alikaza pedi. Ilikuwa miezi mitatu hawajasemezana.

"Ni mama mzee, Tata," akasema hatimaye, kwa sauti iliyokwaruza. "Alipoteza mtoto."

"Anataka nini?"

"Kuota moto. Lakini nikimpa, wangu unapungua."

Brashi ilipiga, ikapiga. "Mpe."

Mogaka alinitazama. Akabonyeza. Kwenye runinga bibi kizee alinyoosha mikono juu ya chungu, na kaa likafifia mpaka nikauma penseli. Halafu njia ikaonekana kwenye mwamba, mahali tulipopita mara sita tukaona ukuta mtupu.

"Amenionyesha njia," Mogaka akasema, akiinua sauti kidogo ili ipite dirishani.

"Basi panda."

Akapanda. Na akaanza kusimulia, bila kuulizwa sasa, yule kaka yangu ambaye hakuwa amesema maneno kumi kwa siku: hapa pana daraja limekatika, Tata, inabidi kuruka, hapa ndege wa mawe amelala, napita taratibu, upepo umeongezeka. Na Tata anauliza kutoka nje, katikati ya brashi. Akianguka hapo anakufa? Anakufa, Tata, lakini anaanza tena alipopumzika. Mara ngapi? Mara zote anazotaka. Brashi ikasimama.

"Na hakuna mtu anayemwandikia alama?" Tata akauliza.

"Hakuna, Tata."

"Sawa," Tata akasema. Brashi haikurudi upesi. "Mimi darasa la saba nilirudia mara mbili. Sijawahi kukuambia. Siku ile alama zako zilipotoka, sikupata la kusema. Nilikwenda kwenye majani nikalia."

Mogaka hakutoa macho kwenye runinga, lakini aliyapangusa kwa bega, kushoto na kulia, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Hapo ndipo nilipokumbuka jua. Nikakimbilia mlangoni. Lilikuwa limeshuka kwenye mikaratusi, jekundu, limebaki ukingo tu kama ganda la yai. Nikarudi nikamnong'oneza Mogaka. Alikuwa karibu na kilele, na mawe matatu ya mwisho yalionekana juu, mbali kidogo. Akizima sasa, yote ya jioni ile yamepotea: bibi kizee, njia, daraja. Akaniuliza kwa macho. Nikatoka tena. Jua lilikuwa limezama. Hakuna hata ukingo. Mbingu juu ya miti ilikuwa ya zambarau na popo wametoka.

"Tata," Mogaka akaita kwa sauti ya unyonge. "Nizime?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Tata. Uso wake ulielekea magharibi, kwenye mikaratusi ile ile, macho wazi. Kiatu kilikuwa mkononi.

"Mfikishe kwanza huyo mtoto mahali pa kupumzika," akasema. "Jua bado."

Nilitazama mikaratusi. Nikamtazama Tata. Nikahuzunika sana. Nikaelewa kila kitu, au ndivyo nilivyodhani: baba yangu ameanza kupofuka.

Mogaka alifika. Moto uliwaka juu ya mlima, mkubwa, na bondeni vijiji vikaitikia kimoja kimoja, mafiga yote, na mwanga ukatoka dirishani ukamwangukia Tata kichwani na mabegani. Hakugeuka. Alikusanya viatu viwili viwili kwenye kamba zake, akainua kigoda, akaenda kuoga gizani. Kwenye ibada ya kufungua Sabato niliweka ripoti yangu tayari juu ya mapaja, lakini hakuna aliyeniita. Tulisali, tukala. Niliudhika mno.

Kesho yake kanisani sikuimba. Niligeuka mlangoni mara nyingi mpaka mwalimu wa watoto akanishika kichwa kwa mikono miwili akakielekeza mbele. Nilikuwa nahesabu: sasa amefika barabarani, sasa amepata gari, sasa yuko Nyansiongo. Wimbo wa pili ulipoanza nikageuka tena, na Mogaka alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na nguzo, amevaa shati lake zuri. Shati lilikuwa na mikunjo ya mraba kifuani, tumboni, begani. Watu lazima walifikiri kijana huyu hana pasi. Ni mimi tu niliyejua shati lile limetoka wapi. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa kuliko vya mtu yeyote mle ndani.

Baada ya ibada Shemasi Ombui alimfuata Tata uwanjani, na wazee wengine wakiwepo. Akasema kwa upole, kwa maana alikuwa mtu mpole, kwamba jana mashine ilisikika kwako, mzee wetu, na jua limekwisha zama. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale na viatu. Akauliza kulikoni. Tata alifungua mdomo. Akaufunga tena. Hakuwa na mazoea ya kusema uongo, na ukweli usingemwacha kwenye uzee wa kanisa.

Basi mimi, mtoto asiyetulia, nikajipenyeza katikati ya makoti yao. "Tata haoni," nikasema. "Macho yake yameharibika. Jua lilizama yeye anasema bado. Nilikuwa hapo."

Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo, akamshika Tata bega akamwambia umri hauna huruma. Shemasi Ombui akaona haya kwa kumshtaki mgonjwa. Tata aliniwekea mkono kichwani, mzito, na hakusema ndiyo wala hapana. Mama, aliyekuwa pembeni, alitutazama wote wawili.

Siku ya soko iliyofuata Mama alishuka na ndizi zake hadi soko la Daraja Mbili, na jioni akarudi na miwani aliyofungiwa gazetini na wale wanaotandaza mitumba chini. Aliiweka mezani mbele ya Tata. Tata aliigeuza, akaijaribu, akamtazama Mama, na Mama akasema, "Inakufaa." Kuanzia hapo hakukosa kuivaa kila Sabato, mpaka alipolazwa. Nami miaka yote hiyo nilijisifu nyumbani, shuleni, hata kwa mume wangu, kwamba ni mimi niliyegundua ugonjwa wa macho ya baba nikiwa na miaka tisa.

Mogaka hakwenda Nyansiongo. Mwaka uliofuata alikwenda chuo cha ufundi wa stima, mchana kweupe, na mfuko ule ule ulibebwa na Tata mpaka barabarani.

Juzi, basi, nimekaa kitandani na kibweta kinachonuka rangi ya viatu, nikaitoa miwani nikaivaa. Nilijiandaa kwa kizunguzungu. Nilisubiri. Kalenda ya ukutani ilibaki kalenda, na namba zake zile zile. Nikaivua nikaivaa tena mara tatu, nikasogeza mkono karibu na mbali. Hakuna kilichokua, hakuna kilichopungua. Kilikuwa kioo kitupu, kama cha dirisha.

Nikatoka nje kwenye roshani nikiwa nayo machoni. Nyuma ya paa za Kisii jua lilikuwa limezama, na kupitia miwani ya Tata niliona waziwazi kwamba limezama.